Kalenda Sita kwenye Ukuta Mmoja: Hesabu Safi, Fataki za Ovyo

Jibu la haraka kwanza, kwa wasiopenda kusoma sana. Kama kazi yako inakudai ujue leo ni tarehe ngapi Addis Ababa na ngapi Tehran, inunue. Kama unatafuta pambo la sebuleni, pita. Tarakimu zake nazipa nyota nne kati ya tano. Mchoraji wake simpi hata nusu.

Ni kalenda ya ukutani ya mwaka 2026, pana kuliko zilizozoeleka, kurasa zimefungwa kwa waya upande wa juu. Kila kisanduku cha siku kimebeba tarehe sita. Ile ya Gregori iko katikati kwa wino mweusi mnene. Zinazoizunguka ni ndogo na za rangi: Hijria kijani, Kiebrania buluu, Ethiopia nyekundu, Iran zambarau, China rangi ya chungwa. Chini ya kila mwezi kuna ukanda unaotaja mwaka mpya wa nani unaangukia humo, na ukigeuza ukurasa unakuta maelezo marefu zaidi. Jina la mchapishaji naliacha. Nimeshamwandikia mwenyewe, na orodha yangu haikuwa fupi.

Mimi hupanga ratiba za wakalimani wanaofanya kazi kwa njia ya mtandao. Watu wangu wametawanyika, na kila mmoja ana siku zake ambazo hata ukimlipa maradufu hakai mbele ya kompyuta. Simu inaweza kuonyesha kalenda ya pili chini ya ile ya kwanza, hilo najua, ila hiyo ya pili ndiyo mwisho wake. Nilichotaka ni kutupa jicho mara moja tu nikaziona zote, bila kugusa kitu. Kwa hilo imenifaa kuliko nilivyotegemea.

Anayeishika kwa mara ya kwanza aanze na Septemba. Ethiopia ina miezi kumi na mitatu: kumi na miwili ya siku 30, na wa mwisho, Pagume, wenye siku 5, ambazo kila baada ya miaka minne huwa 6. Kalenda nyingine nilizowahi kuzitumia humbana Pagume pembeni kana kwamba ni kosa la uchapaji. Hii imempa nafasi yake: visanduku vya tarehe 6 hadi 10 vimepakwa wekundu hafifu, kisha Ijumaa tarehe 11 inaandikwa 1 Meskerem 2019, siku ya kwanza ya mwaka wao. Ndiyo, 2019. Ethiopia iko nyuma ya Gregori kwa miaka saba au minane, kutegemea umesimama upande gani wa Septemba, kwa sababu kanisa lao lilifuata hesabu nyingine ya mwaka wa Kristo. Ndiyo maana Addis Ababa iliukaribisha mwaka 2000 tarehe 12 Septemba 2007, wakati kwingineko shamrashamra hizo zilikuwa zimeshasahaulika.

Ijumaa hiyohiyo Wakopti wa Misri wanaingia mwaka 1743. Wao huhesabu tangu mwaka 284, alipotawazwa Diocletian, kaisari wa Roma ambaye chini ya utawala wake Wakristo wengi wa Misri waliuawa. Na jua likizama jioni ileile, Wayahudi wanaanza Rosh Hashanah ya mwaka 5787. Miaka mipya mitatu ndani ya kisanduku kimoja, na bado maandishi yanasomeka bila miwani. Aliyepanga kurasa ni fundi, na heshima yake nampa.

Kwenye kona ya Ijumaa hiyo kuna alama ndogo ya nusu jua, kuonyesha kwamba sikukuu ya Kiebrania inaingia magharibi. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba alama hiyo haipo popote kwenye tarehe za Hijria, ambazo nazo huingia magharibi vilevile. Anayejua anajua. Asiyejua ataiona 1 Muharram 1448 imekaa Juni 16 na kudhani inaanza saa sita usiku kama Januari mosi.

Na hiyo Juni 16 yenyewe! Imechapwa kwa uhakika uleule wa Krismasi. Hijria iliyopigiwa hesabu kwenye jedwali miaka mingi mbele na Hijria inayosubiri mwezi uandame ni mambo mawili, na kwa nchi mbili kupishana siku moja si ajabu hata kidogo. Mchapishaji amechukua jedwali, jambo ambalo simlaumu, maana kalenda lazima ichapwe mapema na mwezi haumsubiri mtu wa kiwanda cha karatasi. Ninachomlaumu ni kunyamaza. Kinyota kimoja chenye maneno “kutegemea mwandamo” kingetosha. Mimi nimevichora kwa kalamu mwenyewe, kwenye kila mwanzo wa mwezi.

Ajabu ni kwamba mtu aliyeandika maelezo ya nyuma ya Februari analijua jambo hili vizuri sana. Hapo ndipo kuna aya bora kuliko zote za kalenda hii. Mwezi na jua vinakutana tarehe 17 Februari saa sita na dakika moja mchana kwa saa za dunia, ambayo Beijing ni saa mbili na dakika moja usiku. Kwa kanuni ya China, siku ambayo mkutano huo umetokea kwa saa za Beijing ndiyo siku ya kwanza ya mwezi, hata kama hakuna jicho linaloweza kuuona. Basi Februari 17 ni Mwaka Mpya, mwaka wa Farasi. Waislamu wanautazama mwezi huohuo lakini wanataka kuuona hilali yake, kwa hiyo Ramadhani inafuata tarehe 18 kwa wengine na 19 kwa wengine. Mwezi mmoja, sheria mbili, na ukurasa umezipanga ubavu kwa ubavu. Sasa aliyeandika haya alikuwa wapi walipokuwa wanachapa Juni?

Aya inayofuata inajikwaa lakini. Inasema Mwaka Mpya wa China na Tet, mwaka mpya wa Vietnam, huangukia siku moja “daima”. Kwa mwaka huu ni kweli. Kwa daima, hapana. Vietnam hutumia saa zake yenyewe, saa moja nyuma ya Beijing, na mkutano wa mwezi na jua ukitokea karibu na usiku wa manane, saa hiyo moja inatosha kuwatenganisha. Mwaka 2007 mkutano ulitokea saa 16:14 kwa saa za dunia: Hanoi bado ilikuwa Februari 17, Beijing ilishaingia 18, na kila mmoja akasherehekea kwa siku yake. Mwaka 1968 hata Vietnam yenyewe iligawanyika, Kaskazini ikitangulia Kusini kwa siku moja, kwa kuwa Kaskazini ilikuwa imeamua mwaka uliotangulia kubadili saa za kalenda yake. Kwa mtu anayepanga likizo za watu, neno “daima” ni la kuogopa.

Hapo hapo Februari kuna kijisanduku kuhusu Farasi wa Moto, ambacho sikukitegemea. Mzunguko wa miaka 60 unaounganisha wanyama kumi na wawili na asili tano huleta Farasi wa Moto mwaka huu, na mara ya mwisho alikuja 1966. Japani kuna imani ya zamani kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka huo ana ukali wa kumwangamiza mume. Mwaka 1966 watoto waliozaliwa nchini humo walipungua kwa takriban robo, kisha mwaka uliofuata idadi ikarudi juu. Utamu wake ni kwamba Japani iliiacha kalenda ya mwezi mwaka 1873 na kuhamia Januari mosi, lakini farasi walihama nayo.

Sasa mchoraji.

Kila mwaka mpya kwenye kalenda hii umewekewa picha ileile: fataki tatu za dhahabu zikipasuka juu ya mstari wa majengo. Kila mmoja. Januari mosi, sawa, sina neno. Songkran ya Thailand, Aprili 13, ni sikukuu ya kumwagiana maji mitaani, sasa fataki za nini? Rosh Hashanah inafungua siku kumi za toba, na sauti yake ni pembe ya kondoo dume inayopulizwa sinagogi. Muharram inaingia kimya. Wengi huikumbuka Hijra ya mwaka 622 kwa mawaidha na dua. Zote zimepasuliwa fataki.

Lakini nilipofika Machi 19 nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Siku hiyo ni Nyepi, mwaka mpya wa Wahindu wa Bali, mwaka 1948 kwa hesabu yao ya Saka. Usiku wa kuamkia Nyepi watu hubeba masanamu makubwa ya kutisha, ogoh-ogoh, wakiyapitisha mitaani kwa kelele na ngoma. Kukicha, kisiwa kizima kinazimwa. Hakuna moto wala taa, hakuna kazi, hakuna safari, hakuna starehe, na hayo yanadumu saa ishirini na nne. Uwanja wa ndege wa Ngurah Rai unafungwa. Walinzi wa jadi, pecalang, wanazunguka kuhakikisha hakuna taa inayovuja dirishani, na mtalii naye anabaki hotelini mwake. Juu ya siku hiyo, ambayo mshumaa tu ni kosa, mchoraji ametundika fataki tatu za dhahabu.

Kinachouma ni kwamba maandishi ya chini yake yanaeleza yote niliyoyasema hapa, na kwa ufupi wa kupendeza. Mwandishi na mchoraji hawakuwahi kukaa meza moja, hilo ni dhahiri. Kwa kazi yangu, Nyepi ndiyo siku muhimu kuliko zote za Machi: mkalimani aliyeko Denpasar huwezi kumpangia kitu, na huwezi kumsafirisha siku hiyo. Mtu anayetegemea picha atadhani ni sherehe ya jioni na asubuhi watu wako kazini.

Machi imelemewa kwa ujumla. Siku moja baada ya Nyepi kuna Nowruz, mwaka mpya wa Iran, na hapa kalenda imefanya jambo ambalo sijaliona kwingine: imeweka alama mbili. Mwaka wa Iran hauingii saa sita usiku. Unaingia dakika ileile ya ikwinoksi, jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini, ambayo mwaka huu ni Machi 20 saa 14:46 kwa saa za dunia, yaani jioni ya saa kumi na mbili na dakika 16 Tehran. Familia zinakuwa zimekaa kuizunguka haft-sin, meza ya vitu saba vya sikukuu hiyo, zikisubiri dakika hiyo hata kama ni saa tisa za usiku. Lakini tarehe ya kiserikali ni jambo jingine: ikwinoksi ikitokea baada ya adhuhuri ya Tehran, siku ya kwanza ya Farvardin, mwezi wao wa kwanza, ni kesho yake. Kwa hiyo alama ya dakika iko tarehe 20, na 1 Farvardin 1405 iko tarehe 21. Sahihi, na imeelezwa kwa sentensi mbili tu. Programu za simu nilizonazo hazinipi hata nusu ya hayo.

Halafu sentensi ya tatu inaharibu. Inasema Nowruz husherehekewa pia Zanzibar “siku hiyohiyo” kwa jina la Mwaka Kogwa. Msomaji wa Kiswahili hapo anaweka chai chini. Mwaka Kogwa wa Makunduchi una asili inayohusishwa na Nairuzi ya Waajemi, hilo halina ubishi, lakini ni wa Julai. Sababu yake ingewapa aya nzuri sana kama wangeitafuta: mwaka huo wa kale wa pwani una siku 365 kamili, zikihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, bila siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo ukiulinganisha na Gregori unateleza kurudi nyuma pole pole, na katika karne ya 19 Siku ya Mwaka ilikuwa bado ikiangukia Agosti. Iran ilirekebisha hesabu yake kwa jua. Pwani iliendelea kuhesabu. Mshipi mmoja, samaki wawili. Badala yake Julai imebaki tupu kabisa kwenye ukanda wake isipokuwa Matariki, mwaka mpya wa Wamaori, ambayo New Zealand iliifanya sikukuu ya taifa kuanzia 2022 na mwaka huu iko Julai 10.

Januari nitaipitia haraka, maana ndiyo iliyoandikwa na kila mtu. Zabibu kumi na mbili za Wahispania zipo, na angalau wametaja kwamba saa ya Puerta del Sol huko Madrid hutangulia kupiga milio ya robo, na anayeanza kula hapo amewahi. Kengele 108 za mahekalu ya Japani zipo. Wadenmaki wanaruka kutoka kwenye viti na kuwavunjia marafiki sahani mlangoni. Haya ni mambo ya kusomea watoto, hayanisaidii kupanga kitu. Kinachonisaidia ni ramani ndogo ya saa: mwaka mpya unaanzia Kiritimati, kisiwa cha Kiribati kilicho saa 14 mbele ya saa za dunia, na unamalizikia kwenye visiwa visivyo na watu vya Baker na Howland, saa 26 baadaye. Kiritimati na Hawaii saa zao za ukutani zinafanana kabisa, ila siku ni tofauti. Nimeikata ramani hiyo na kuibandika juu ya meza yangu, na sasa nyuma ya Januari kuna tundu.

Yennayer, mwaka mpya wa Waamazighi, nayo ipo, mwaka 2976. Wameiweka Januari 12 peke yake. Hiyo ndiyo siku ya mapumziko Algeria tangu 2018; Morocco wanapumzika Januari 14. Nina watu pande zote mbili, na tarehe ya pili niliiongeza kwa mkono. Kwa upande mwingine, wamekumbuka kisiwa cha Foula huko Shetland, ambako wakazi wachache bado wanaukaribisha mwaka Januari 13, kwa kuwa Uingereza ilipoiacha kalenda ya Juliasi mwaka 1752 na kuruka kutoka Septemba 2 hadi 14, wao hawakukubali sikukuu zao zihame. Mtu anayekumbuka Foula na kuisahau Morocco ana vipaumbele vyake.

Ukurasa wa mwisho una jedwali la miaka, na huo peke yake unakaribia kulipa gharama. 2026 ni 2569 Thailand, ambako namba ya mwaka hubadilika Januari mosi tangu 1941 ingawa Songkran imebaki Aprili. Wengi hulikosea hilo, wao hawakulikosea. Ni 2082 Nepal hadi katikati ya Aprili, kisha 2083. Ni Reiwa 8 Japani, yaani mwaka wa nane wa enzi ya mfalme wao wa sasa, na 115 Taiwan. Nimewahi kupokea mkataba kutoka Bangkok wenye tarehe ya zaidi ya miaka mia tano mbele, na mwanasheria akauliza kama ni utani. Jedwali kama hili lingemaliza maswali kabla hayajaulizwa.

Kuhusu vitu vya mkononi: karatasi haing'ai, inapokea kalamu ya wino bila kusambaa, na waya haujakwama. Rangi ya zambarau na buluu zimekaribiana mno chini ya taa ya njano. Mchana hakuna shida. Tarakimu za Kiethiopia wamezichapa kwa maandishi ya Geez, nazo zinapendeza, lakini Waethiopia wengi ninaofanya nao kazi wanaandikiana 1, 2, 3 kama sisi, na mimi hulazimika kuhesabu visanduku kutoka mwanzo wa mwezi. Pia hawakutaja popote kwamba saa za Ethiopia huanza kuhesabiwa alfajiri. Kwa msomaji wa Kiswahili si hasara, saa mbili yao ni saa mbili yetu. Wenzangu wa Ulaya ndio wanaofika kwenye mikutano saa sita kabla au baada.

Mchapishaji alinijibu kwamba toleo la 2027 liko njiani na michoro “itaangaliwa”. Nikilipata, fataki nitaziangalia baadaye. Kwanza nitafungua Septemba. Mwaka 2019 wa Ethiopia ni mrefu, Pagume atakuwa na siku 6, na Enkutatash, mwaka mpya wao, itakuwa Jumapili tarehe 12, si 11. Nikikuta 11, narudisha.